Asmini Kwenye Vioo vya Dirisha Langu

Machi 9

Daftari hili amenipa mama mkwe wangu niandike hesabu za maua. Upande wa mbele nimechora safu nne kama alivyoagiza: tarehe, aliyechuma, aliyepanga, aliyenusa. Safu ya mwisho ni "Mama" kila siku, hilo halina mjadala. Upande wa nyuma hakuutaja. Basi upande wa nyuma ni wangu, na humu nitayatapika yote ninayoyameza mezani.

La kwanza: leo ameng'oa vioo vya dirisha la chumba changu. Vyote viwili! Na mvua ndiyo kwanza inabisha hodi.

Aliyeshika bisibisi ni mume wangu, mwanawe wa pekee, fundi umeme. Swichi ya chumbani kwetu imekufa tangu mwaka jana, kila nikimkumbusha anasema "nitafanya." Mpaka namwita Bwana Nitafanya. Lakini mama yake kamwambia toa vioo, dakika kumi vioo viko chini, vimeoshwa, vimefutwa. Nikauliza kwa nini visitoke vya sebuleni. Mama akanitazama kama nimetukana.

"Sebuleni watu wanaona. Chumbani kwako nani anaona?"

Mimi, Mama. Mimi naona.

Machi 10

Nieleze kazi yenyewe, siku nikifa watu wajue kilichoniua. Kioo kinapakwa mafuta mgando yasiyo na harufu, unene kama wa biskuti. Juu yake unapanga asmini moja moja, uso chini, zisigusane. Kesho yake unaziondoa zilizonyauka kwa kibano, moja moja, unapanga nyingine. Mafuta yanainywa harufu. Ukishafanya hivyo mara thelathini unayakwangua, unayalowesha kwenye spiriti, na spiriti inaondoka na harufu ya ua lenyewe.

Mara thelathini! Na mtaa wa pili hapo, dukani kwa Mzee wa Lebo, mafuta ya asmini yamo chupani, yamezibwa, yana karatasi nzuri ya kijani, yanamsubiri tu mtu mwenye akili.

Nimemwambia Mama. Amesema, "Kitu cha kununua humjui mama yake."

Haya.

Machi 12

Mvua. Bwana Nitafanya ametundika nailoni dirishani. Inapigapiga kama bendera. Mto wangu umelowa upande mmoja, na si upande wake.

Machi 13

Mvua. Upande wa pili.

Machi 17

Leo nimeongea, sikuweza kunyamaza. Nilikuwa nimeinama kwenye ua wa nyuma tangu saa kumi, nachuma vitumba kabla havijafunguka, mgongo umekufa ganzi. Nikarudi na bakuli limejaa. Mama akakaa chini akaanza kuvipapasa kimoja kimoja kwa ncha za vidole, macho kayaelekeza ukutani. Hiki, hapana. Hiki, ndiyo. Hiki kina maji, futa. Karibu nusu ya bakuli ikaenda kwenye ndoo.

"Mama, vyote vimetoka mti mmoja."

"Na watoto wa tumbo moja wanafanana?"

"Mama Saluni anakuja Mei mbili. Tukinunua mafuta leo, kesho tunachanganya, keshokutwa tumepumzika. Yeye anachotaka ni harufu, hajali tumeipata wapi."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema, akanisukumia bakuli. "Rudi ukainame."

Nikarudi. Nilipokuwa nainama nilisema maneno ambayo sitayaandika hata huku nyuma.

Ila niseme ukweli, naogopa. Mama Saluni, mwenye saluni kubwa ya mtaa wa juu, ndiye mteja pekee aliyebaki mlangoni. Akiyapenda manukato yetu atachukua kila mwezi. Akiyakataa, kwisha. Mwaka jana tulikuwa na wateja wawili wakubwa, wote wawili walirudisha chupa wakasema zina harufu ya mafuta yaliyochacha. Mama alisema ni mvua, chupa zilikaa vibaya. Baada ya yule wa pili alikaa siku tatu bila kuigusa meza yake ya kazi, na mimi nikajua akiambiwa hapana tena, hatarudi mezani. Meza hiyo ndiyo iliyomsomesha mume wangu. Na mimi niliacha cherehani ya watu kuja kujifunza hapo, si kuja kuchuma maua mpaka niote kibiongo.

Machi 19

Mzunguko wa tano, maana siku mti usipotoa vitumba vya kutosha Mama haihesabu. Nimeoza nyuma ya masikio kwa jasho na unyevu, lakini mafuta yananukia vizuri.

Machi 24

Nimenunua. Ndiyo, nimenunua! Chupa ndogo ya ukubwa wa kidole kwa Mzee wa Lebo, nimeificha kwenye kiatu cha harusi ambacho hakuna atakayekivaa tena. Mzee wa Lebo ni mtu mmoja mpole sana, ana kila kitu, waridi, sandali, vanila, limau, na kila kitu kina lebo aliyoiandika kwa mkono wake. Nilimuuliza kama asmini hii ni ya kweli. Akasema, "Binti, lebo inasema asmini." Nikaona jibu zuri. Sasa nikiliandika silioni zuri hata kidogo.

Lakini harufu! Niliifungua chumbani, ikajaa mpaka nailoni ya dirishani ikanukia. Siku kumi na tano nimevunjika mgongo kwa kitu ambacho mtu kanimiminia kwa sekunde mbili.

Machi 25

Mvua. Mzunguko wa tisa. Mama kanusa kila kioo, akasema, "Safi." Nikaandika kwenye safu yake.

Machi 30

Leo nimefanya jaribio langu, na nimeshinda. Acha nijisifu, hakuna mwingine wa kunisifu nyumba hii.

Mama ana mtindo wa kukwangua kijiko kimoja cha mafuta katikati ya msimu, anakilowesha, anaona kazi inaendaje. Leo nikasema nitamletea karatasi za kunusia. Nikakata vipande viwili. Kimoja nikakichovya kwenye spiriti ya asmini yetu. Cha pili kwenye spiriti niliyotia tone la Mzee wa Lebo. Nikampa vyote viwili.

"Mama, nimechovya mara mbili. Ipi imekaa vizuri?"

Akainusa ya kwanza, akaiweka chini. Akainusa ya pili, akafumba macho, akatikisa kichwa polepole.

"Hii. Hii ndiyo asmini ya kuchumwa kwa mkono. Unaisikia?"

Ya duka! Nilitoka nje mbio nikacheka nimeshika ukuta. Wiki tatu za mahubiri, kumbe yeye mwenyewe hamjui mama yake wala shangazi yake! Sitamwambia mtu sasa. Siku atakapokuja Mama Saluni, nitaitoa chupa yangu kiatuni mbele ya wote.

Aprili 2

Nimeanza kuchukizwa na harufu ya duka. Nilitia tone kwenye leso juzi. Siku ya kwanza ilikuwa bustani. Jana ikawa sabuni. Leo ni kama mfuko mpya wa plastiki. Leso niliyofutia vioo vyetu, tangu wiki iliyopita, bado ni asmini, kidogo, ya chinichini, lakini ni asmini.

Sikutaka kuliandika hili.

Aprili 6

Jamani. Kioo cha pili kimechacha.

Nilikisikia toka mlangoni. Harufu ile ya mafuta ya taa ya zamani na kabati lililofungwa, huwezi kukosea. Nadhani kuna asmini iliingia na maji, na kosa ni langu, siku ile ya mvua kubwa nilichoka nikaacha kufuta. Mama alikuwa amekiinamia, pua karibu iguse mafuta.

"Safi," akasema.

"Mama, hiki kimeharibika."

"Nani kasema?"

"Kinanuka, Mama. Kinanuka mpaka huku."

Akakigusa kwa kidole, akakisugua kidole na kidole. "Wewe una mafua. Lala mapema."

Mimi na mafua! Mimi ninayelala na nailoni! Nilimaka, nikaenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Huu ukaidi utatumaliza. Atamimina kioo hicho pamoja na kile kizuri, Mama Saluni atavuta pumzi moja tu, na mwaka jana utajirudia mbele ya macho yangu.

Aprili 7

Maziwa yameungua leo. Mama alikuwa kaketi pale pale jikoni, kiti chake na jiko hapana hatua tatu, anakata karatasi za kunusia. Nilisikia harufu nikiwa nje kwenye kamba ya nguo, nikaja mbio. Sufuria imekuwa nyeusi, moshi umeanza. Akainua macho pale tu aliponiona mimi.

"Mbona unakimbia?" akaniuliza.

Sijatulia mchana huu. Kichwani mwangu kuna kitu kinazunguka na sikitaki kitue.

Aprili 9

Nimefanya jambo la aibu.

Nilitaka kujua. Nilijiambia ni kwa ajili ya kazi, na ni kweli ni kwa ajili ya kazi, lakini mtu akifanya jambo zuri hachungulii mlangoni kwanza. Nimekata kipande cha karatasi, nimekichovya kwenye kikombe cha maji ya kunywa. Maji matupu. Nimempelekea.

"Mama, nusa hii. Ya kioo cha kwanza."

Aliipokea. Akaipitisha mbele ya pua mara moja, akasimama, akanitazama. Akaipitisha tena. Halafu akafumba macho kama anavyofumba siku zote, akasema, "Hapo sawa. Hapo asmini imekaa."

Maji.

Sikucheka. Nilichukua karatasi mkononi mwake nikaenda kukaa juu ya kitanda chenye unyevu, na mambo yakaanza kunijia moja baada ya jingine bila hata kuyaita. Kwa nini anavipapasa vitumba macho yakiwa ukutani. Kwa nini anahesabu siku kwa ukali vile, thelathini, si ishirini na tisa. Kwa nini ananiuliza "unaisikia?" kila mara, nami nikadhani ananifundisha. Chupa za mwaka jana. Wale wateja wawili.

Na ile chupa ya Mzee wa Lebo. Miezi yote namwita mbahili, mshamba, mtu wa kale. Mwanamke huyu hana pua, atanunuaje? Chupani humo wanaweza kumtilia chochote, naye hana cha kumwambia hiki kweli, hiki uongo. Lakini ua alilolipapasa mwenyewe analijua. Siku alizohesabu mwenyewe anazijua. Hakuwa anabisha kununua kwa sababu ya kiburi. Ni kwa sababu ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho cha kukiamini. Na mimi nikacheka nimeshika ukuta!

Mume wangu aliporudi aliniuliza, "Mbona umenuna?" Nikasema swichi.

"Nitafanya," akasema.

Aprili 10

Nimekitupa kioo cha pili. Yaani mafuta yake. Nimemwambia Mama kimeniponyoka. Kanifokea kutwa nzima, mikono yangu ya siagi, sijui mama yangu alinilea nikishika nini. Nimemuacha afoke. Kwa hamu ya kumjibu machozi yakanitoka, akadhani nalia kwa kosa, akaniacha.

Aprili 13

Sasa nafuta kila kitumba. Kila kimoja.

Aprili 14

Mvua haikukatika. Nimechuma na mwavuli begani kama kichaa.

Aprili 18

Kioo kimoja kitafika mwisho, hicho kimoja hakitatosha chupa zote. Nimekaa na hesabu hiyo siku nne. Leo nimeamua: asmini ya moyoni itakuwa yetu, ile inayobaki kwenye nguo. Lakini ya kufungulia, ya dakika ya kwanza, nitatia limau, na sandali kidogo ya kuishikilia, zote za Mzee wa Lebo. Nimekwenda kwake, safari hii na leso tatu. Nimemwambia anitilie tone la kila kitu, nitarudi baada ya siku mbili. Amecheka. "Binti, umeanza kuwa mgumu." Asmini yake sijaigusa.

Aprili 20

Limau yake ni nzuri. Sandali nzuri sana. Nimemwambia Mama nataka kuvinunua. Nilijiandaa kwa vita.

"Umevinusa?" akauliza.

"Nimevinusa siku mbili, Mama."

"Basi nunua."

Hivyo tu. Nimechanganyikiwa zaidi kuliko kama angekataa.

Aprili 27

Tumekwangua, tumelowesha, tumechuja. Yeye kaamua muda kwa kukitikisa chombo na kutazama mafuta yanavyotengana. Sikujua kitu hicho huonekana kwa macho, mimi nilikuwa nangojea pua. Alikuwa sahihi kwa saa nzima kabla yangu. Nimejifunza leo kuliko mwaka mzima, na nimefokewa kuliko mwaka mzima.

Mei 1

Kesho. Nina wasiwasi na kitu kimoja: Mama Saluni ana mdomo. Akimwomba Mama anuse chochote mbele yake, tumekwisha. Nitasimama karibu. Nitakohoa. Nitamwaga chai. Kitu chochote.

Mei 2

Niandike kwa utaratibu.

Mama Saluni alikuja saa nne asubuhi, miwani kichwani, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Alikaa mezani. Nikampa yetu. Alijipaka kifundoni, akanusa, akasema "mm," akaomba chai, tukaongea habari za mvua karibu saa nzima huku akirudisha mkono puani kila dakika.

Halafu akafungua mkoba. Akatoa chupa nyingine, ndogo.

"Hii kaniletea mtu mwingine, naye anasema asmini ya kuchuma kwa mkono. Mimi nimeshindwa kuchagua. Bibi, wewe ndiye mkongwe wa kazi hii. Nusa uniambie kweli ina nini."

Nilikohoa. Nilikohoa mpaka Mama Saluni akanisogezea maji. Nikanyoosha mkono nichukue chai niimwage, ninaapa, nilikuwa naimwaga, Mama akanishika kifundo cha mkono. Kwa nguvu. Akachovya karatasi kwenye ile chupa, taratibu, akaipitisha mbele ya pua yake mara moja.

Kisha akanipa mimi.

"Mpe jibu," akasema. Akamgeukia mgeni. "Mimi siku hizi ni mikono tu. Pua ya nyumba hii ni huyu."

Mama Saluni akacheka, akadhani ni heshima ya mkwe kwa mkwe. Mimi nilikuwa naitazama karatasi siioni. Nikanusa. Na, Mola wangu, nilimjua mama yake na shangazi yake! Nilikuwa na chupa ile ile kwenye kiatu.

"Hii ni ya kununua," nikasema. "Leo ni nzuri kuliko yetu, sikudanganyi. Kesho itakuwa sabuni. Keshokutwa plastiki. Tia kwenye leso moja, yetu kwenye nyingine, halafu usinisikilize mimi, sikiliza leso."

Alizitia papo hapo. Kaondoka na leso zote mbili, kasema kifuniko chetu cha chupa kibaya, kasema chai yangu ina sukari nyingi, na kasema atarudi.

Mlango ulipofungwa nikageuka. Mama alikuwa anakusanya karatasi.

"Ile ya maji," akasema bila kuinua macho, "haikuchoma."

Nikaweka kikombe chini.

"Harufu siisikii tangu yale mafua ya mwaka juzi. Lakini spiriti inachoma hata pua iliyokufa. Ile uliyonipa haikuchoma. Nikajua umenitega."

"Sasa mbona ulisema asmini imekaa?"

"Nilitaka nione utamwambia nani. Siku ya kwanza nikangoja. Ya pili, nikasema leo atamwambia mumewe. Wiki tatu nimengoja, mwanangu. Badala yake ukamwaga kioo kilichooza, ukakubali matusi yangu."

Nililia, tusidanganyane. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mwanawe miaka yote hii.

"Angesema 'nitafanya,'" akasema. "Na pua haifanyiwi."

Tukacheka mpaka akakaa chini. Yule niliyemuita mkaidi kwa kurasa hizi zote alikuwa anaogopa kuliko mimi, na kila siku aliinamia vioo vile akasema "safi" kwa kubahatisha, akaomba mimi nibishe.

Mei 5

Mama Saluni kamtuma mtu. Leso imeshinda. Anachukua kila mwezi, ila tubadilishe vifuniko.

Nimemwambia Mama. Kaniletea daftari hili, upande wa mbele, akafungua ukurasa mpya. "Chora safu." Nikachora. Tarehe, aliyechuma, aliyepanga, aliyenusa. Kwenye ile ya mwisho nikaanza kuandika "Mama," mkono umezoea.

Akanipiga kofi dogo la vidole. "Futa. Andika wewe."

Nimefuta. Nimeandika mimi.

Kisha kaenda akasimama katikati ya chumba changu, akalitazama lile tundu la dirisha na nailoni yake, nikadhani sasa, hatimaye, ananirudishia vioo vyangu.

"Kimoja hakitoshi kwa mteja wa kila mwezi," akasema. "Viwili pia havitoshi. Mwambie mumeo aje na bisibisi, dirisha la bafuni nalo lina kioo kizuri."